Bata Mwenye Tai

Jumanne, 9 Septemba 2008

Kabla sijasahau hata kidogo: leo nimetembea ndani ya kompyuta!

Chuo kikuu kimoja kule Fairfax kimeanzisha darasa la kuzungumza Kiingereza kwa sisi wageni, na tunakutana maktaba ya hapa Falls Church, Jumanne na Alhamisi jioni. Hakuna ubao wala kitabu. Unavaa visikizio vyenye kijiti cha kusemea, unatazama skrini, na mle ndani mna mji mzima: soko, zahanati, kituo cha basi, posta. Kila mwanafunzi ana kikaragosi chake, mtu wa katuni anayetembea ukibonyeza. Ukisema, yeye ndiye anasema. Mimi nimepewa msichana mwembamba kama ufito, amevaa suruali ya jinzi. Nimemwomba mwalimu anitafutie gauni na kitambaa cha kichwa, akasema wiki ijayo. Basi nimezunguka soko zima na suruali, mimi Rosemary, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mjane, mshiriki wa kanisa. Na niseme ukweli, nimeipenda.

Niandike pia kilichonipeleka. Nilikuja Amerika mwaka jana kumlea mjukuu wangu Wanjala. Sasa ana miaka minne, ameanza chekechea, na mimi nimebaki kuhesabu magari ya barabara ya Route 7 dirishani. Nimemwambia binti yangu Lorraine: nikipata kazi kabla ya Krismasi nitakaa, nisipopata, Januari narudi Webuye. Sikumwambia kwamba sitaki kurudi. Nilijaliwa mtoto mmoja tu, naye yuko hapa.

Kazi yenyewe ipo. Wambura, mama wa Kitanzania ninayekaa naye, anapika katika kituo cha wazee karibu na Route 50, mahali wazee wanaletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Wanatafuta mtu wa kukaa nao, kuwalisha, kuzungumza nao. Kulisha naweza. Kuzungumza ndiko kuna mlima.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimenunua mkate wa katuni bila kusaidiwa na mtu. Suruali bado.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani wameniuliza tena kwa nini silali kwa binti yangu. Wameniuliza Wakenya wenzangu, wanaojua vizuri! Kwa sababu kwa binti yangu ni kwa mkwe wangu. Katika ukoo wetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe, hali naye meza moja, hampi mkono, hamtazami usoni. Ndiyo heshima. Kwa hiyo Lorraine na mumewe Simiyu wako ghorofa ya nne, na mimi niko ya pili kwa Wambura. Simiyu akishuka ngazi hukohoa, ili mimi nipate nafasi ya kujificha. Nami hujificha. Mwaka mzima sasa, jengo moja, na sijui hata ana masharubu au hana.

Ninachojua ni kwamba ana maringo. Alimwoa Lorraine mahakamani huku huku, simu ikatupata tukila ugali. Na tangu hapo hajawahi kuniambia sentensi nzima. Wambura ananicheka: "Mama Lorraine jamani, mila yako inamkataza asiseme na wewe, halafu unamlaumu kwa kunyamaza! Sasa huyo kaka wa watu afanyeje?"

Nimemwambia aangalie sufuria yake isiungue.

Jumanne, 23 Septemba

Naandika hata koti sijavua.

Mwalimu wetu wa kikundi amehamia Boston. Leo tumeambiwa atakuja mwingine, mtu wa ofisi ya kompyuta anayejitolea, ambaye hatakuwa maktaba nasi bali ataingia mji wa katuni akiwa kwake. Tukamngoja sokoni: mimi na suruali yangu, na Anysie, mama wa Bukavu anayekaa kiti cha jirani, ambaye kikaragosi chake ni malkia mwenye taji. Akatokea bata. Bata mkubwa, mrefu kama mtu, amevaa tai nyekundu. Tukacheka mpaka msimamizi wa maktaba akatunyooshea kidole.

Yule bata akasogea mbele yangu. Kabla ya kusema, akakohoa.

Nilikijua kile kikohozi kama ninavyojua kengele ya kanisa la kwetu. Ni kile cha kwenye ngazi. Nikatafuta mahali pa kujificha, na mle sokoni hakuna mlango hata mmoja unaofungika. Nikabonyeza kila kitu kilichokuwa mbele ya vidole vyangu, na msichana wangu akapaa. Naam, akaruka juu! Mle ndani watu huruka, na mimi nilikuwa sijafundishwa. Nikapita juu ya mapaa, juu ya posta, nikaelea huko mawinguni miguu ikining'inia. Nimemkimbia mkwe wangu kwa kupaa.

"Mama Rosemary, weye uliruka kweli!" Anysie alinishika bega huku machozi ya kicheko yanamtoka. "Nilikuona juu ya toiture! Na ile bata ikabakia chini, ikaikaa par terre, haisemi kitu."

Kumbe naye alinitambua. Labda nilisema "Uwi!" ndani ya kijiti.

Jumatano, 24 Septemba

Nimempigia simu wifi yangu Serah, dada ya marehemu mume wangu. Yeye ndiye mwenye neno katika mambo ya wakwe. Nilieleza, nikaeleza tena, kadi ya simu ikipungua.

"Ngoja," akasema. "Wewe ulikuwa msichana mwenye suruali."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa bata."

"Mwenye tai."

"Ulimwona uso?"

"Niliona mdomo wa bata."

"Mlipeana mikono?"

"Ana mabawa, Serah."

Nikasikia akiwaeleza watu waliokuwa karibu naye, nao wakicheka mpaka wakapaliwa. Kisha akarudi na sauti ya baraza. "Sisi tulikataza uso, mkono na meza. Bata hatujamkataza. Semeni."

Alhamisi, 25 Septemba

Bata alikohoa. Sikuruka. Akasema "Good evening, Madam," nami nikamjibu. Tukatazama nyanya za katuni kwa muda mrefu sana. Halafu akaniuliza bei, nikamtajia, akasema ni ghali, na hapo damu ya soko la Webuye ikanipanda. Nimebishana na mkwe wangu juu ya nyanya, kwa Kiingereza, robo saa, na nimemshinda!

Jumanne, 7 Oktoba

Tulikuwa zahanati. Bata amekuwa mzee mgonjwa, amelala kitandani hataki dawa, hataki uji, anataka kwenda nyumbani kwa mkewe aliyekwisha kufa. Mimi ndiye mlezi. Kwanza niliogopa. Halafu nilimsahau Simiyu kabisa, nikamwona mzee. Nikamwuliza mkewe alipenda kupika nini. Bata akafikiri, akasema maharagwe. Nikamwambia basi tule uji leo, kesho tutazungumza maharagwe. Akala!

Nikiwa njiani ndipo nikakumbuka kwamba nimemwambia mkwe wangu avue soksi, na akavua. Nimecheka peke yangu pale kwenye taa za barabarani mpaka mwenye gari akapunguza mwendo kunitazama.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Nimeota kwa Kiingereza, ila sikuelewa vizuri.

Jumanne, 21 Oktoba

Zoezi la leo lilikuwa kusimulia siku ya kwanza uliyopotea. Bata akaanza ili atupe mfano. Alipofika Amerika alikuwa akipeleka piza kwa gari la rafiki. Siku moja akaingia Beltway, ile barabara inayozunguka mji wote wa Washington kama pete, na akapitwa na njia yake ya kutokea. Badala ya kutoka mbele akaulize, aliendelea. Akazunguka Virginia, akaingia Maryland, akaona kibao cha College Park, akavuka daraja, akarudi Virginia, na alipofika pale pale akapitwa tena, kwa sababu hakuthubutu kumwomba mtu wa upande wa kulia ampishe. Akazunguka mara ya pili. Piza ilifika imekuwa mti.

Anysie alilaza kichwa mezani kwa kucheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaacha. Mtu mwenye maringo hazunguki mji mara mbili kwa kushindwa kusema "naomba nipite". Huyo ni mtu mwenye haya. Haya mpaka kwenye mifupa. Miaka mitano nimemwita jeuri kijana ambaye hawezi hata kuomba kupishwa barabarani.

Nimemuuliza Lorraine kwa nini walioana mahakamani bila kutuambia. "Mum, aliogopa kukupigia," akasema. "Ali-rehearse wiki mbili. Akashika simu, akaiweka. Mimi ndio niligive up nikasema twende tu."

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimepewa gauni. Nimelivaa dakika chache nikarudia suruali.

Alhamisi, 6 Novemba

Tangu juzi uchaguzi ulipokwisha, jengo letu halina adabu. Mzungu wa ghorofa ya tatu, ambaye hajawahi kunisalimu, amenikumbatia ndani ya lifti na kunipongeza kana kwamba nilimnyonyesha mimi huyo rais mteule, mwana wa Mkenya. Nikampongeza pia. Darasani kila kikaragosi kilinijia: wa El Salvador, wa Vietnam, wa Ethiopia, wote wanataka kusikia habari za Kenya. Nilisema bila kusimama, na maneno yakija yenyewe, hata sikuyatafuta! Nilipomaliza bata akapiga mabawa. Nilirudi nyumbani na furaha hata nikamwita Wambura atoke bafuni aje asikie.

Kituo cha wazee, nilikoomba kazi, wamepiga simu. Mahojiano ni tarehe 11 Desemba.

Jumanne, 18 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Leo chuo kimetuandalia mahojiano ya majaribio, si kwenye kompyuta, bali na watu. Nilikwenda nimevaa koti la Lorraine, nimejipaka mafuta, naimba moyoni. Nikaingizwa chumba kidogo cha maktaba. Mezani alikuwa mama wa Kimarekani, umri wangu, ana miwani ya mnyororo na uso mwema kabisa. Akanipa mkono. Akaniuliza jina langu.

Sikuweza.

Jina langu! Nililijua, lilikuwa pale kooni. Lakini alikuwa akinitazama machoni, moja kwa moja, anangoja, na mimi macho yangu yakaanguka mezani kama yalivyofundishwa tangu nikiwa mtoto. Kwetu mtu mwenye nafasi ya kukupa au kukunyima akikutazama hivyo, wewe humtazami. Na macho yalipoanguka, sauti ikayafuata. Akaniuliza nimefanya kazi gani. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama nataka maji. Nikatikisa kichwa, na nilikuwa na kiu. Akanishika mkono, akasema tujaribu tena siku nyingine. Nilielewa kila neno alilosema. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Nje, Anysie alikuwa amemaliza yake vizuri, akaja kunikumbatia. "Mama, weye unajua kusema. Ni ile uso tu, ndiyo inakupa woga. Kule ndani hakuna uso."

Kweli yake. Miezi miwili na zaidi nimejifunza kusema na katuni. Nimekuwa hodari sana wa kuzungumza na bata. Na kituo cha wazee hawana bata.

Nimemwambia Lorraine atafute tiketi ya Januari. Amelia. Nimelia pia, nikamfokea kwa kunifanya nilie. Wanjala akasimama mlangoni akasema, "Grandma, are you leaving?" Anaelewa Kiswahili chote, hajibu hata neno moja kwa Kiswahili. Nikampakata.

Jumatano, 19 Novemba

Sikutoka kitandani.

Ijumaa, 21 Novemba

Wambura amejaribu kunihoji jikoni. Ameanza kwa Kiingereza, akaona kitunguu kinaungua, akatukana kwa Kiswahili, tukaishia kusengenya. Lorraine naye hafai: akinisahihisha, namwona mtoto niliyemfuta kamasi. Ni mtu mmoja tu ambaye Kiingereza changu hakimwogopi. Na huyo ndiye mtu mmoja Amerika nzima ambaye siruhusiwi kumtazama.

Jumapili, 23 Novemba

Nimekaa kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza.

Mila yenyewe ina mlango, na ufunguo ni wangu. Katika ukoo wetu mama mkwe akiwa tayari, anasema. Mkwe analeta blanketi, mama mkwe anapika kuku, mwenye neno la ukoo anawasimamia, mnapeana mikono, na tangu siku hiyo mnatazamana na kula pamoja. Mkwe hawezi kuomba. Ni mama mkwe tu. Na mimi miaka yote hii sijasema, kwa sababu nilikuwa namngoja Simiyu ajirekebishe. Nikamweka nje mwenyewe, halafu nikamlaumu kwa kuwa nje.

Nimempigia Serah. "Niko tayari."

"Kwa sababu ya kazi?" akauliza, maana yeye si mjinga.

Nilitaka kusema ndiyo. "Kazi imenisukuma," nikasema. "Lakini nataka kumwona."

Alhamisi, 27 Novemba

Leo ni sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, hakuna anayekwenda kazini, kwa hiyo tukaichukua iwe yetu. Lorraine alitaka bata mzinga kama wenzake. Nimemwambia siwezi kula bata wa aina yoyote siku ya kukutana na bata wangu. Nikapika kuku.

Serah tulimweka kwenye spika ya simu, juu ya meza ya Wambura, karibu na ugali. Kule Webuye ilikuwa saa za jioni na alikuwa amekusanya watu, maana tulisikia viti vikivutwa.

Kisha kikohozi, mlangoni. Miguu yangu ikainuka yenyewe kwenda chumbani! Wambura akanivuta kanga, akanikalisha chini.

Akaingia amekumbatia blanketi la buluu, limefunika kifua na kidevu. Akalishusha. Hana masharubu. Ana mvi chache juu ya masikio, jambo ambalo sikulitegemea, na mwanya kama wa Wanjala. Ni mfupi kuliko kikohozi chake. Nilimtazama vyote hivyo, kwa hamu, kama mtu aliyepewa maji. Ndipo nikaona kwamba yeye hanitazami. Alikuwa anatazama zulia.

Kumbe hata yeye! Mtu anayefundisha nusu ya Falls Church kusema, na mbele yangu hana sauti.

"Mmeonana?" Serah akauliza kwenye simu.

"Bado," nikasema. "Mmoja anaangalia chini."

"Simiyu! Inua kichwa, mama yako hali watu."

Akainua. Macho yalikuwa yamejaa. Serah akasema maneno ya ukoo, akatuambia tupeane mikono, na mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtu atokaye nje. "Mama," akasema, "nilikuwa nataka kukupigia simu. Ile time. Nilikuwa nataka."

"Najua," nikamwambia. "Ulikuwa unazunguka Beltway."

Akacheka. Hivyo ndivyo anavyocheka kumbe, anafunika mdomo na kiganja. Kule Webuye wakapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, tukala kuku meza moja, na Wanjala akamwuliza mama yake kwa nini watu wazima wanalia na chakula kipo.

Jumamosi, 29 Novemba

Mimi na Simiyu tumeweka viti viwili, uso kwa uso. Yeye ndiye mkubwa wa kituo, mimi ndiye mwomba kazi. Akaniuliza jina. Wote wawili tukatazama miguu yetu. Akaniuliza tena. Miguu tena. Halafu mkwe wangu, mtu mzima mwenye mvi, akasema "Kwaak," taratibu, kwa sauti ya huruma. Nilicheka nikimtazama machoni, na kicheko kilipokwisha macho yangu yalikuwa bado yako pale pale. Nikamwambia jina langu.

Jumanne, 2 Desemba

Tumefanya tena. Bila bata.

Jumamosi, 6 Desemba

Theluji kidogo. Simiyu amenihoji kwa ukali, amevaa miwani ya Lorraine. Sikushusha macho ila mara moja, alipoiga sauti ya mwanamke.

Alhamisi, 11 Desemba

NIMEPATA! Niandike hilo kwanza. Naanza Januari, nikishapimwa kifua. Lorraine hajaacha kunipigia simu kutoka kazini, na kila mara anacheka tu.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Simiyu aliomba ruhusa ofisini akanipeleka, nami nikakaa kiti cha mbele. Hatukufanya mazoezi. Tulizungumza juu ya mahindi, jinsi ya huku yalivyo na sukari kama keki.

Aliyenihoji alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele fupi. Nilimtazama. Macho yalitaka kuanguka, nikayashika. Nikamweleza jinsi nilivyomuuguza mume wangu, jinsi ya kumlisha mtu asiyetaka kula, jinsi ya kumwuliza habari za mkewe aliyekufa badala ya kumwambia amekufa. Hapo aliacha kuandika. Makosa nilifanya mengi, niliyasikia yakitoka, nikayaacha yaende zake.

Mwishoni akauliza, kwa upole tu, kama nina jamaa hapa, maana kazi ni nzito na mtu anahitaji watu wake. Nikasema ninao. Mjukuu mmoja. Binti mmoja. Na mwana mmoja, nikasema, yuko nje kwenye gari, ananingoja.

Kiingereza kina neno lake refu la mkwe, na Simiyu mwenyewe alinifundisha tangu wiki ya kwanza ya Desemba, tukalirudia mpaka likanikaa. Pale kitini halikuja. Au mimi sikuliita.